Jeshi la Japani linapanuka, darasa la Obaradai lisipunguzwe

Katiba ya Japani iliyoanza kutumika mwaka 1947 inakataa vita, na katika kifungu chake cha 9 inakataa hata kumiliki jeshi. Hata hivyo, juu ya kilima cha Obaradai katika mji wa Yokosuka kuna chuo ambacho kwa zaidi ya miaka 70 kimekuwa kikiwaandaa maafisa wa Vikosi vya Kujilinda, jeshi la nchi hiyo kwa kila hali isipokuwa kwa jina. Kilima chenyewe kinatazama mlango wa bahari wa Uraga, pale pale zilipotokea manowari za Marekani mwaka 1853 na kuilazimisha Japani kufungua bandari zake. Chuo cha Taifa cha Ulinzi kina wanafunzi wapatao 2,000. Wanasoma miaka minne, hawalipi ada, wanapewa posho na serikali kila mwezi, na wakimaliza wanatunukiwa shahada kama wahitimu wa chuo kikuu kingine chochote. Anayewaona na glovu zao nyeupe wakipiga kwata atadhani ni chuo cha kijeshi kama vingine vyote duniani. Maoni yangu ni kwamba hapo Wajapani walifanya moja ya maamuzi yao ya busara kuliko yote baada ya kushindwa vita mwaka 1945: walichukua kazi ya kumlea afisa wakamkabidhi raia msomi. Uamuzi huo leo unahitaji watetezi. Hakuna anayetaka kuufuta waziwazi, lakini jeshi linakua kwa kasi, na pale jeshi linapokua upesi darasa huanza kuonekana ni kupoteza muda.

Uzito wa uamuzi huo hauonekani mpaka mtu ajue ulikuwa unakimbia nini. Katika Japani ya kifalme, jeshi la nchi kavu lilikuwa na shule zake lenyewe na la majini lilikuwa na chuo chake huko Etajima, mkoa wa Hiroshima. Mtoto wa miaka 13 aliweza kuingia shule ya makadeti ya nchi kavu, na kuanzia hapo dunia yake yote ikawa kambi. Lugha za kigeni alizofundishwa kwa miaka mingi zilikuwa Kijerumani, Kifaransa na Kirusi, kwa hiyo nchi ikaingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani ikiwa na majenerali wengi wasiojua Kiingereza. Majeshi hayo mawili yalikua kama ndugu wasiosalimiana. Wakati wa vita jeshi la nchi kavu lilifikia kuunda nyambizi zake lenyewe na kumiliki meli zake za kubeba ndege, kwa kuwa halikutaka kulitegemea jeshi la majini. Mwezi Oktoba 1944, baada ya mapambano ya anga karibu na Taiwan, Makao Makuu ya Japani yalitangaza kwamba meli 11 za Marekani za kubeba ndege zimezamishwa. Ukweli ni kwamba haikuzama hata moja. Jeshi la majini likagundua kosa lake muda si mrefu, lakini halikuwaambia wenzao wa nchi kavu. Wenzao nao, wakiamini adui amevunjwa nguvu, wakabadili mpango wa vita na kumimina askari kisiwani Leyte, Ufilipino, badala ya kungoja kwenye kisiwa cha Luzon. Wajapani karibu 80,000 walikufa kisiwani humo. Adui aliwaua kwa risasi, magonjwa na njaa vikaongeza, lakini waliopelekwa pale walipelekwa kwa ukimya wa maafisa waliosoma shule tofauti na kufundishwa kwamba aibu ya kikosi ni siri ya kikosi.

Ubaya wa pili wa shule zile ulikuwa mkubwa zaidi. Tarehe 15 Mei 1932, maafisa vijana wa majini walivamia makazi ya Waziri Mkuu Inukai Tsuyoshi jijini Tokyo na kumpiga risasi. Pamoja nao walikuwamo wanafunzi 11 wa Chuo cha Maafisa wa Nchi Kavu, vijana ambao hata kamisheni walikuwa hawajapata. Walipofikishwa mahakamani, barua za kuwaombea huruma zilimiminika kutoka kila pembe ya nchi, na wale wanafunzi wakahukumiwa kifungo cha miaka minne tu. Miaka minne baada ya mauaji hayo, Februari 1936, maafisa vijana wa nchi kavu waliwatoa askari zaidi ya 1,400 makambini, wakamuua Waziri wa Fedha Takahashi Korekiyo na viongozi wengine, na kuishikilia katikati ya Tokyo kwa siku kadhaa. Vijana wale hawakuwa wahuni. Walikuwa watoto hodari wa shule, wenye nidhamu na walioipenda nchi yao kwa dhati. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha kwamba wao ni sehemu ya taifa na hawawezi kuwa mahakimu wake, na mwalimu wa namna hiyo asingeweza kutoka ndani ya kambi ile ile iliyowalea.

Waziri Mkuu Yoshida Shigeru alikuwa na kumbukumbu hizo alipoanzisha chuo kipya mwaka 1952. Hakumtafuta jenerali wa kukiongoza. Kwa ushauri wa Koizumi Shinzo, aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Keio, alimchagua Maki Tomoo, profesa wa siasa aliyesoma Oxford. Maki alikaa hapo hadi 1965, na chuo kilivyo leo ni kwa sehemu kubwa kazi ya mikono yake. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1953 katika majengo ya muda huko Kurihama, na mwaka 1955 chuo kikahamia Obaradai. Jambo kubwa lililoamuliwa ni kwamba nchi kavu, majini na anga watalelewa pamoja. Mwanafunzi haingii akiwa wa jeshi hili au lile. Mwaka wa kwanza wote wanaishi na kusoma bila kugawanywa, ndipo wanapangiwa jeshi, na hata baada ya hapo wanaendelea kulala chumba kimoja na wa majeshi mengine mpaka siku ya kuhitimu. Jambo la pili ni kwamba masomo yawe ya chuo kikuu, yakifundishwa kwa sehemu kubwa na maprofesa wa kiraia. Mwanzoni yalikuwa sayansi na uhandisi peke yake, na sababu yake inaeleweka: taifa lilikuwa limeangamizwa na viongozi waliohubiri kwamba moyo wa ushujaa unashinda chuma na mafuta. Kijana aliyejifunza kupima nguvu ya daraja kwa hesabu hatadanganyika kirahisi na hotuba ya namna hiyo. Mwaka 1974, chini ya mkuu wa tatu Inoki Masamichi, ambaye naye alikuwa msomi wa siasa, zikaongezwa fani za sayansi ya jamii. Wakuu waliofuata hawakuwa maprofesa wote, wapo waliotoka polisi na wapo waliotoka wizarani, lakini tangu mwaka 2000 kiti hicho kimekaliwa na wasomi mfululizo: Nishihara Masashi, Iokibe Makoto, Kokubun Ryosei, na Kubo Fumiaki aliyeteuliwa 2021.

Isidhaniwe kwamba maisha ya Obaradai ni ya maktaba na chai. Tarumbeta inalia saa 12 kamili asubuhi. Dakika chache baadaye wanafunzi wamepanga mistari nje wakihesabiwa, wavulana vifua wazi, wakijisugua miili kwa taulo kavu hata majira ya baridi. Vitanda lazima viwe vimekunjwa vikawa na kona kama sanduku, na kitanda kilichokunjwa ovyo mwenyewe hukikuta kimepinduliwa na wakubwa wake. Kwenda darasani ni kwa kwata. Mwezi Novemba, kwenye maadhimisho ya chuo, batalioni nne zinapambana katika mchezo wa kuangusha nguzo, urithi kutoka Etajima ya zamani: kila timu ina vijana 150, nusu wanailinda nguzo kwa miili yao na nusu wanavamia ya wenzao, wakipanda juu ya mabega na vichwa vya watu. Wanawake, waliokubaliwa chuoni mwaka 1992, wanaishi kwa ratiba hiyo hiyo. Kwa hiyo wanaolalamika kwamba chuo hiki kinazalisha wanafalsafa wenye sare hawajakitazama vizuri. Tena ufundi wenyewe wa kupigana unafundishwa zaidi baadaye, kwenye shule za kila jeshi: Kurume kwa nchi kavu, Etajima kwa majini, Nara kwa anga. Miaka minne ya Obaradai imewekwa kabla ya hapo kwa makusudi, ili kijana ajifunze kufikiri kabla hajafundishwa kuamuru.

Je, mpango huo umezaa matunda? Ushahidi wenye nguvu zaidi ninaouona ni wa Machi 2011, tetemeko na tsunami vilipoipiga kaskazini mashariki ya Japani. Serikali iliwatoa askari wapatao 100,000, na kwa mara ya kwanza katika janga la ukubwa huo majeshi yote matatu yakawekwa chini ya kamanda mmoja, Luteni Jenerali Kimizuka Eiji, mhitimu wa Obaradai. Meli, helikopta na vikosi vya nchi kavu vilifanya kazi chini ya amri moja katika ardhi isiyo na barabara wala simu. Walioongoza shughuli zile kwa pande zote tatu walikuwa wengi wao watu waliowahi kulala bweni moja wakiwa na umri wa miaka 19. Mwezi huohuo waliokuwa wakiifukua miili ya wananchi kwenye matope walikuwa wakitii amri ya Waziri Mkuu wa kiraia, na hakuna aliyeona ajabu. Mwenye kukumbuka mwaka 1936 ataona umbali uliotembewa. Serikali ilipounda baraza la kutafakari ujenzi mpya wa maeneo yale, ilimpa uenyekiti Iokibe Makoto, mwanahistoria aliyekuwa mkuu wa chuo hicho wakati huo. Jeshi lilikuwa limepata mahali pa kukutana na taifa lake.

Kuna watakaosema ninakipa chuo sifa zisizo zake. Watasema kilicholituliza jeshi la Japani ni katiba, ni Bunge linaloshika mfuko wa fedha, ni uwepo wa majeshi ya Marekani, ambayo Yokosuka yenyewe ni bandari yao kuu. Hoja hiyo ina uzito, nami sibishi kwamba sheria ndiyo nguzo. Katiba ya zamani ilimpa mfalme amri ya jeshi moja kwa moja, na majemadari wakaitumia kujifungia mbali na serikali; ya sasa imeufunga mlango huo. Lakini sheria husubiri mtu wa kuitii siku ambayo hapendi kuitii. Mwaka 2008 Mnadhimu Mkuu wa Jeshi la Anga, Tamogami Toshio, alichapisha insha iliyokana kwamba Japani ilikuwa taifa la uvamizi katika vita vile. Waziri wa Ulinzi alimwondoa madarakani siku ile ile insha ilipojulikana, tarehe 31 Oktoba. Jenerali akavua sare, akaenda zake kutafuta wasikilizaji uraiani, na kambi zikabaki kimya. Tamogami ni mhitimu wa Obaradai, na wapinzani wangu wana haki ya kuliuliza hilo: kama chuo kinafundisha historia vizuri, alitoka wapi? Jibu langu ni kwamba hakuna chuo kinachoweza kumkinga kila mhitimu dhidi ya imani mbovu. Kinachoweza kufanya ni kuhakikisha maelfu waliosoma naye wanajua tofauti kati ya kukubaliana na mwenzao na kumfuata. Tena mkuu wa chuo, Iokibe, aliikosoa insha ile hadharani, gazetini, kwa jina lake. Jenerali aliyekuwa mkuu wa chuo angejifikiria mara mbili kabla ya kumkosoa jenerali mwenzake hivyo. Mwanahistoria alifanya kazi yake.

Doa la pili ni zito zaidi, na siwezi kulipita. Kijana mmoja aliyeingia chuoni mwaka 2013 aliacha masomo baada ya kuteswa na wanafunzi wakubwa: alipigwa ngumi, alichomwa nywele za mwili kwa moto wa spiriti. Alikwenda mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama ya Wilaya ya Fukuoka iliwaamuru waliomtesa kumlipa, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Fukuoka ikaamua kwamba serikali nayo inawajibika kwa kutomlinda, ikaiamuru ilipe fidia ya zaidi ya yeni milioni 2.6. Wapo wanaosema huo ndio ugumu wa jeshi na asiyeweza aende nyumbani. Wanakosea vibaya. Ukitazama mahali uovu huo ulipofanyika utaona jambo la maana: ni bwenini, katika vyumba ambavyo wa mwaka wa kwanza hadi wa nne wanalala pamoja na wakubwa wamepewa mamlaka juu ya wadogo. Ndiyo sehemu ya chuo ambayo mkono wa profesa haufiki. Desturi ya zamani, ya mkubwa kuwa sheria na mdogo kunyamaza, ilitolewa darasani na kubaki kwenye chumba cha kulala. Hatari yake inakwenda mbali kuliko maumivu ya kijana mmoja, maana anayezoea kuficha kosa la chumba chake akiwa na miaka 20 atajua kuficha kosa la kikosi chake akiwa na miaka 50. Mwaka 2017 Waziri wa Ulinzi Inada Tomomi na Mnadhimu Mkuu wa Nchi Kavu walijiuzulu kwa sababu kumbukumbu za kila siku za kikosi kilichokuwa Juba, Sudan Kusini, zilisemwa zimeharibiwa kumbe zipo. Kumbukumbu zile zilieleza mapigano makali ya Julai 2016, na Bunge lilikuwa na haki ya kuyajua.

Halafu kuna pingamizi la watu ninaowaheshimu sana, wapenda amani wa Japani, ambao kwao chuo chenyewe ni uvunjaji wa katiba na kukiboresha ni kuupamba uvunjaji huo. Mwaka 1958 mwandishi kijana Oe Kenzaburo, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya fasihi, aliandika katika gazeti la Mainichi kwamba wanafunzi wa chuo hicho ni aibu ya kizazi chake. Maneno hayo yaliwauma vijana wale kwa miaka mingi. Yoshida mwenyewe, kwa masimulizi ya wanafunzi waliomtembelea akiwa amestaafu, aliwaambia wajiandae kuishi bila shukrani, kwa kuwa siku wananchi watakapowashangilia itakuwa siku ya msiba wa taifa. Ninaelewa alichoogopa Oe, kizazi chake kilikuwa kimetoka kwenye majivu. Lakini Japani imekuwa na watu wenye silaha tangu Polisi wa Akiba walipoundwa mwaka 1950, na watu hao wametumwa mbali. Wakazi wa Goma waliwaona mwaka 1994, walipokuja kutoa matibabu na maji kwa wakimbizi wa Rwanda, na ndege zao zikawa zinaruka kati ya Nairobi na Goma kupeleka watu na mizigo. Kabla hawajaondoka Japani, Tokyo palikuwa na mjadala mkali juu ya idadi ya bunduki za rashasha wanazoruhusiwa kubeba. Tangu 2011 wana kambi yao Djibouti kwa ajili ya kupambana na maharamia. Maadamu maafisa wapo na wanatumwa, kuwaacha walelewe na kambi peke yake hakuileti amani karibu hata hatua moja.

Na sasa wanatumwa kujiandaa kwa mambo mazito zaidi. Desemba 2022 serikali ya Japani ilipitisha mpango wa kutumia yeni trilioni 43 kwa ulinzi katika miaka mitano, kufikisha matumizi asilimia 2 ya pato la taifa, na kununua makombora yanayoweza kupiga ndani ya ardhi ya adui. Machi 2025 ikaanzishwa kamandi moja ya operesheni za majeshi yote matatu, na kamanda wake wa kwanza, Jenerali Nagumo Kenichiro wa jeshi la anga, ni mhitimu wa Obaradai. Wakati huohuo vijana wanapungua kwa sababu watoto wanaozaliwa ni wachache, na wapo wanaohitimu na kukataa kamisheni. Mwaka 1991, wakati wa Vita vya Ghuba na neema ya uchumi, walikataa 94. Mwaka 2022 walikataa 72. Katika hali hiyo kishawishi ni kupunguza vitabu na kuongeza mafunzo ya vita, kujaza nafasi za ualimu kwa maafisa wanaongoja kupangiwa kazi, na kuleta wahadhiri wa kupandisha ari badala ya wa kufundisha. Mwaka 2023 profesa mmoja wa ndani, mwanahistoria Tohmatsu Haruo, alivunja ukimya na kuandika waziwazi kwamba hayo yameshaanza: maafisa wasio na sifa za kitaaluma wanapewa madarasa, na wachambuzi wa mrengo wa kulia wenye majina lakini wasio na utafiti wanakaribishwa kuhutubia wanafunzi. Mkuu wa chuo, Kubo, alimjibu hadharani na kuyapinga baadhi ya madai yake. Kwangu mimi, kwamba profesa aliweza kuandika vile na mkuu akajibu kwa kalamu ni dalili kwamba mbegu ya Maki bado ipo. Lakini madai yenyewe hayafai kuachwa yafe kimya.

Wenye mamlaka wanaweza kuanza na mambo yaliyo ndani ya uwezo wao mwaka huu. Nafasi za kufundisha historia, siasa na sheria zijazwe kwa ushindani wa wazi wa kitaaluma, afisa akitaka kufundisha aje na utafiti wake kama raia. Mabweni yawe na wasimamizi wazima wanaozunguka usiku, na mwanafunzi anayetoa taarifa ya uonevu alindwe na mtu ambaye hayumo katika mnyororo wa amri wa chumba chake. Masomo ya vita vilivyoisha mwaka 1945, pamoja na yote yaliyotokea China, Korea na Ufilipino, yasiwe ya hiari kwa mchepuo wowote, hata kwa wanaosoma uhandisi wa makombora. Na kiti cha mkuu wa chuo kibaki kwa msomi wa kiraia, hata siku Bunge litakapokuwa na wabunge wengi wanaotaka jenerali, maana kijana anayeingia Obaradai sasa atafikia ngazi ya kushauri serikali juu ya makombora hayo baada ya miaka 30 hivi, na wakati huo hakuna atakayeweza kumrudisha darasani.